Orodha ya Tambi

Katika kitongoji chetu cha Kanipaan huli kabla hujaandika jina. Uwe mkutano wa chanjo, uwe semina ya ufugaji wa nguruwe, awe mgeni kutoka mjini aliyekuja kuwafundisha watu wazima kunawa mikono, kwanza inapita karatasi, kisha kalamu, kisha sahani. Asiyeandika jina hali. Na anayeandika hasomi kilichoandikwa juu ya karatasi, kwa sababu huko juu hakuna kinacholiwa. Siwacheki. Jina langu na mimi limo katika karatasi nyingi ambazo mpaka leo sijui zilikwenda wapi.

Mpitishaji wa karatasi hizo, mara nyingi, alikuwa Salud Catalbas. Miaka yake sitini na moja, kazi yake kushona makuti, sifa yake kupika tambi za mikutano. Tambi zake za kukaanga, zenye kabichi na vipande vya nguruwe, zilileta watu wasiojua hata mkutano unahusu nini. Tena alikuwa mwaminifu, mwaminifu wa kuudhi. Zikiagizwa sahani sabini, majina yawe sabini. Ikibaki sahani moja isiyo na jina, Salud angezunguka nayo nyumba kwa nyumba kutafuta mlaji wa kuandikwa.

Makuti aliyaanza akiwa na miaka saba. Minipa, jamii ya mnazi mfupi, huota kwenye tope la kijito, pale maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi, na nusu ya wanawake wa Kanipaan wanaishi kwa majani yake. Wanayakata, wanayakunja juu ya ufito, wanayashona na kuyaanika. Mama yake alimfundisha sheria moja kabla ya kumpa panga: kila shina liachiwe majani mawili ya katikati, mama na mtoto. Salud aliishia darasa la nne na husoma kwa kusogeza midomo, lakini ukipita kwenye tope ukaona shina lililokatwa vizuri, lenye mama na mtoto wamesimama wima, unajua hapa alipita yeye.

Mumewe, Anselmo, alitoka milimani na aliogopa kaa mpaka mwisho wa maisha yake. Kiharusi kilimpata asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Kanipaan haikuwa na barabara. Kwenda mjini ni kwa mtumbwi, na mtumbwi hauendi juu ya tope. Walimlaza ndani yake wakasubiri saa nne nzima, Salud akimpepea na kumwambia maji yanakuja, yanakuja. Maji yalipokuja, Anselmo hakuwa na haja tena ya kwenda mjini.

Kwa hiyo Kapiteni alipopiga kengele ya kanisa kutangaza kwamba barabara inakuja, Salud alilia hapo hapo mbele za watu, wala hakujificha. Kapiteni ndivyo tunavyomwita mwenyekiti wetu wa kitongoji, Eliseo Pamatian, ingawa chombo pekee alichowahi kukiongoza ni ile mashine ya kuimbia harusini. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwekezaji anataka kujenga kiwanda cha barafu na gati dogo kwenye mlango wa kijito. Baraza la mji likikubali, litatoa barabara kutoka njia panda mpaka gatini. Vijana watapata kazi, wagonjwa watapata gari. Sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza, basi kutakuwa na mkutano, na kwenye mkutano kutakuwa na tambi.

Mkutano ukaangukia siku ya arobaini ya Anselmo.

Siku hiyo kwetu familia hupika na kuweka sahani mbele ya picha ya marehemu, kwa kuwa ndiyo siku roho inapofunga safari. Salud alikuwa ameshaahidi kupika, na ahadi ni deni. Tangu alfajiri alisimama mbele ya karai, akageuza tambi mpaka mkono ukafa ganzi, akaandikisha watu, akapakua. Huko mbele injinia kijana alionyesha michoro ukutani. Salud aliona mgongo wake tu. Watu walipoanza kutawanyika, akatenga sahani moja kwa ajili ya mumewe, kisha akasimama akiitazama. Sahani ilikuwa ya mkutano. Sahani ya mkutano inataka jina. Akaichukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la nne, namba arobaini na mbili, katika mstari uliorukwa na mtu: Anselmo Catalbas. Akaenda nyumbani moyo wake mweupe, hajamwibia mtu.

Wiki tatu baadaye Toribia Balasa, binamu yake, alikwenda mjini kuuza makuti, na kwa kuwa Toribia husoma kila kitu kilichobandikwa, hata bei za majeneza, alisoma na ubao wa baraza. Alirudi na picha kwenye simu. Hakupiga hodi.

"Salud! Toka nje! Toka uone ulichotupikia!"

"Nini tena? Umeibiwa?"

"Nimeibiwa na wewe. Soma hapa. Soma, sogeza hiyo midomo!"

Salud alisoma. Baraza la mji lingepiga kura Jumanne ijayo kupitisha barabara juu ya tuta la udongo, katikati ya minipa, kutoka upande huu wa kijito mpaka ule. Sababu ilitajwa: kwa vile wakazi sabini na moja wa Kanipaan wameridhia kwa saini zao, kama orodha iliyoambatishwa inavyoonyesha.

"Orodha gani?" Salud akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Orodha ya tambi, mama! Huko juu kulikuwa na maandishi madogo: wakazi wanaoridhia mradi. Nani alisoma? Wewe ulitushikisha kalamu na harufu ya kitunguu puani!"

Wanawake wengine walikuwa wameshasogea. Mmoja akauliza tuta hilo likiziba kijito maji yatapita wapi, na kila mshona makuti hapo alijua jibu. Mnipa usiooshwa na maji mara mbili kwa siku hunyauka. Msimu mmoja majani ya njano, msimu wa pili mashina matupu.

"Mimi naitaka barabara," Salud alisema. "Mnajua kwa nini naitaka."

"Tunaitaka wote," Toribia akajibu. "Lakini hukutuuliza tunaitaka ya namna gani. Ulituuliza tunataka pilipili au hatutaki." Akageuka, na tangu hapo hakumsemesha.

Salud alimkuta Kapiteni akiosha mbwa wake.

"Manang Salud," alisema Kapiteni, kama wanavyomwita wote waliozaliwa nyuma yake, "lile ni jambo la utaratibu tu. Wanahitaji kiambatisho. Mimi mwenyewe nimeandika namba moja."

"Ulisoma?"

Kapiteni akamsugua mbwa sikio. "Nilikuwa na njaa."

"Nitakwenda kuwaambia orodha ile ni ya chakula."

"Manang, nakuomba, usinitilie mchanga kitumbua changu. Nimeomba barabara miaka tisa. Mkwe wangu alijifungulia mtumbwini, unakumbuka? Ukivuruga sasa, mwekezaji anahama, tunabaki na tope letu. Halafu utawaambia nini? Utathibitisha vipi?"

Hapo ndipo Salud alipokumbuka namba arobaini na mbili. Uthibitisho alikuwa nao, lakini ulikuwa ni aibu yake mwenyewe. Asimame mbele ya madiwani aseme kwamba yeye, Salud wa sahani sabini majina sabini, alitia saini kwa niaba ya maiti ili apate chakula? Watu wangelicheka hilo mpaka kwenye arobaini yake na yeye. Usiku ule na uliofuata alibishana na picha ya Anselmo. Ikafika Jumanne, akavaa gauni la kanisani na kupanda mtumbwi. Mficha uchi hazai, alijiambia, ingawa kuzaa alikwishamaliza zamani.

Ukumbi wa baraza uko ghorofani. Watu wa Kanipaan walijaa viti vya nyuma, Toribia akiwa dirishani, uso ameugeuzia barabarani. Wakasali, wakaimba wimbo wa taifa, na makamu wa meya, Bi Herminia Sollano, ambaye ndiye mwenye kiti cha baraza, akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno kabla ya kura. Salud akasimama.

"Jina lako, mama?"

"Salud Catalbas, Mheshimiwa. Nashona makuti. Na zile tambi za mkutano nilipika mimi."

Diwani Urbina, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alikuwa mgeni rasmi wa mkutano ule. Akaitikia kwa kichwa. "Zilikuwa tamu."

"Ahsante, Mheshimiwa. Ulikula sahani mbili na hukuandika jina."

Ukumbi ukacheka, na Urbina mwenyewe akacheka. Salud hakucheka, kwa sababu hakuwa ametania.

"Naomba katibu asome namba arobaini na mbili."

Katibu akafunua karatasi. "Anselmo Catalbas."

"Ni nani huyo?" akauliza Bi Herminia.

"Mume wangu."

"Naye ameridhia au hakuridhia?"

"Sijui, Mheshimiwa. Siku ile ilikuwa arobaini yake." Aliona uso wa makamu wa meya ukibadilika, akaendelea haraka kabla ujasiri haujamtoka. "Nilikuwa sijampikia. Nilikuwa nimewapikia ninyi. Sikutaka kuchukua sahani bila jina, basi nikaandika jina lake. Nimekosa. Lakini hivyo ndivyo watu wote walivyoandika. Waliandika ili wale. Hakuna aliyeulizwa habari ya tuta."

"Kwa hiyo unapinga barabara?"

"Nani atapinga barabara? Mume wangu alilala kwenye mtumbwi saa nne akisubiri maji, akafa maji hayajafika. Ingekuwa barabara, labda sasa hivi yuko nyumbani ananisumbua." Akafuta pua kwa kiganja. "Naitaka barabara. Tuta ndilo silitaki. Hata sisi tunakata, Mheshimiwa. Kila wiki tunakata. Lakini tunaacha mama na mtoto. Ninyi mnataka kukata mpaka shina."

Nyuma kuna mtu alinong'ona, "Siku za mwizi arobaini," na mwenzake akamkanyaga mguu.

Diwani Urbina akaweka miwani. "Tunakupa pole, mama. Lakini kisheria, jina moja la marehemu haliondoi orodha nzima. Toeni moja, yanabaki sabini."

Aibu aliyokuwa nayo Salud aliitoa yote, na haikutosha. Alibaki amesimama, mikono ikilishika gauni.

"Sitini na tisa!" Sauti ilitoka dirishani. Toribia alikuwa amesimama, bado hamtazami Salud. "Namba hamsini na nane. Soma."

Katibu akasoma. "Crisanta Balasa."

"Mjukuu wangu. Ana miaka miwili. Kuandika hajui, ila kula anajua. Endelea, hamsini na tisa."

"Heneral Balasa." Katibu akainua uso. "Jenerali? Huyu ni mwanajeshi?"

"Huyo ni mbwa," alisema Toribia. "Anapenda tambi."

Nimehudhuria harusi na ngoma nyingi, sijasikia kicheko kama cha ukumbi ule. Bi Herminia alijifunika uso kwa upepeo. Na kabla kicheko hakijaisha watu walianza kusimama mmoja mmoja, kila mtu na namba yake. Huyu alimwandikia mwanawe aliyeko Manila, yule aliandika majina mawili kwa kuwa ana wake wawili wa kuwalisha, jambo ambalo mke wa kwanza, aliyekuwa hapo hapo, alikuwa halijui, na lile lina hadithi yake. Wa mwisho kusimama alikuwa Kapiteni, kofia mkononi.

"Namba moja ni mimi, Mheshimiwa. Mimi ni mzima na nipo. Lakini sikusoma."

Bi Herminia aliweka upepeo mezani. Aliamuru orodha iondolewe kwenye azimio na kura iahirishwe. Kisha akamgeukia Salud, ambaye alikuwa bado amesimama kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. "Mama, unataka tufanye nini?"

"Mje muone maji yanapopita. Mje siku ya bamvua, maji yakijaa kupita kawaida. Na msivae viatu vizuri."

Wakaja, ingawa si wote. Bi Herminia alikuja na suruali ya mwanawe, Urbina akaja na kiti chake, na yule injinia kijana, Rufo, akaja na mabuti meupe, tope likamvua moja hatua ya tatu. Salud alikuwa na kapu la matunda makavu ya mnipa, kila moja amelifunga uzi mwekundu. Ndivyo washona makuti wanavyofanya tangu zamani wakitaka kujua maji yamehamia wapi baada ya mafuriko. Maji yalipoanza kupanda, akayamwaga matunda yote pamoja kwenye mlango wa kijito, wakayafuata.

Yalielea pamoja mpaka nyuma ya kanisa, halafu yakaachana. Mengine yakaenda kwenye tanuri kuukuu la mkaa, mengine yakapita nyuma ya shule, mengine yakanyooka mpaka kwenye kiwanja cha minipa cha Salud mwenyewe.

"Unaona, mwanangu? Maji yana milango mitatu. Wewe umechora ukuta."

Rufo alitazama ramani yake, akatazama nyuzi nyekundu. "Ramani inaonyesha mlango mmoja tu, mama."

"Picha yake ilipigwa maji yakiwa yamekupwa. Na mimi ukinipiga picha nimelala utasema sitembei."

Kijana hakukasirika, nalo hilo namsifu. Alivua buti la pili, akashuka kwenye tope na fimbo yake ya kupimia, akatoka jioni akiwa mweusi mpaka kifuani.

Mambo hayakutulia kama maji mtungini. Mwekezaji alinuna miezi miwili, akatishia kuhamia mji wa jirani, na vijana wawili walimwambia Salud uso kwa uso kwamba kazi zao amezila yeye na makuti yake. Hilo lilimuuma kuliko yote, maana mmoja alikuwa mwana wa ndugu yake. Mchoro mpya ulipotoka ulikuwa na madaraja matatu kwenye milango mitatu, na tuta fupi katikati yake. Kiwanda kilisogezwa upande wa mchanga. Na daraja la tatu lilipita juu ya kiwanja chake, ilibidi mashina arobaini na kitu yang'olewe.

Salud aliomba ayakate mwenyewe. Toribia alikuja na panga bila kuitwa. Walianza asubuhi, na kwa mara ya kwanza maishani Salud alikata mama, akakata na mtoto. Alilia kila shina. Toribia alimwacha alie mpaka walipofika mstari wa mwisho, kisha akasema, "Haya, basi, utaongeza maji ya kijito," na Salud akacheka akiwa na kamasi.

Hayo yalikuja baada ya kura; kabla yake sheria ilitaka wananchi wasikilizwe upya. Mkutano ukafanyika shuleni, tambi kama kawaida, Salud mbele ya karai. Lakini safari hii meza zilikuwa mbili. Meza ya kwanza ilikuwa na karatasi ya chakula, na ya pili karatasi ya maoni, iliyoandikwa juu kwa herufi kubwa kama za bango la sinema, yenye safu ya ndiyo na safu ya hapana.

Salud alijifuta mikono, akaenda meza ya pili. Akaanza kusoma kutoka juu, midomo ikisogea, neno kwa neno, madaraja, mita, makalvati, miche ya mnipa itakayopandwa. Mstari wa watu nyuma yake ulifika mpaka mlangoni, wote na njaa, tambi zikipoa. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza aliandika jina lake kwenye safu ya ndiyo, na Toribia akalisoma tena jambo lote kuanzia mwanzo, kwa sauti, ili kujionyesha.

Azimio lilipita. Malori ya kokoto yalianza kuja mvua zilipokatika.

Lakini nilitaka kusema habari ya mkutano ule. Watu walipokwisha kula, ilibaki sahani moja. Salud aliitazama, akaitazama karatasi ya chakula, mkono ukaanza kwenda kwenye kalamu kwa mazoea. Bi Herminia, aliyekuwa akikusanya karatasi zake, akamwona. Akaja, akaifunika sahani kwa jani la mgomba, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mpelekee," alisema. "Kwa niaba ya baraza."

Salud aliibeba mpaka nyumbani, akaiweka mbele ya picha, akaketi chini na miguu yake iliyochoka. Huko nje injinia Rufo alikuwa akipigilia vigingi vya kupimia, kimoja kimoja, kuja upande wake.

"Kula, mzee," akamwambia. "Leo hujaandikwa popote."